Jenomu za Mimea: Anayelipa, Anayesoma na Anayelima

Mwaka 1997, wataalamu wa mimea waliokutana Singapore walikubaliana kuisoma jenomu ya mpunga, yaani mfuatano wote wa vinasaba uliomo katika kromosomu zake 12. Kazi hiyo ilizidi uwezo wa taasisi yoyote ya umma ikiwa peke yake, hata ile ya Tsukuba, Japani, iliyokuwa imeanza mapema kuliko wenzake. Ikabidi igawanywe. Japani ilichukua kromosomu kadhaa, ikiwamo ya 1. China ikachukua ya 4, Taiwan ya 5, Marekani ya 3 na ya 10, Ufaransa ya 12, na India ikaingia na Marekani kwenye ya 11. Thailand, ambayo mwaka huohuo sarafu yake ilianguka na kuziburuza nchi jirani katika mtikisiko wa fedha, nayo ilijitwisha kipande cha kromosomu ya 9.

Kipande hicho cha Thailand kinanivutia kuliko kazi kubwa ya Japani. Serikali iliyokuwa ikihangaika kulipa madeni yake ilitenga fedha za kusoma sehemu ndogo ya mmea ambao wengine wangeumaliza kuusoma hata bila yake. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Nature mwezi Agosti 2005, taasisi ya BIOTEC ya Thailand ilitajwa miongoni mwa wenye kazi, si katika orodha ya wanaoshukuriwa. Watafiti wake walikuwa wamekaa kwenye vikao vyote, wamezijua mbinu zote, na walirudi nyumbani na mpunga wao wenyewe wa kufanyia kazi.

Kanuni za mradi ule zilikuwa chache. Wote wasome aina moja tu ya mpunga, Nipponbare ya Japani. Wote wafikie kiwango kimoja cha usahihi. Kinachosomwa kiwekwe hadharani mara moja, bila mtu kukikalia. Na kila nchi iwalipe watu wake. Hakukuwa na mfuko mmoja uliokusanya fedha za wote na kuzigawa. Kilichokuwapo ni makubaliano juu ya kazi, na kila hazina ikafunguliwa kwa mkono wa mwenyewe. Kanuni hii ya nne haizungumzwi sana kwa sababu inaonekana ni jambo la wahasibu. Kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua, kwa zaidi ya miaka 25 sasa, nani awe mshirika katika utafiti wa jenomu za mimea na nani awe mwenyeji wa mashamba ya majaribio.

Mtindo wa kugawana kromosomu ulikuwa umekwisha kujaribiwa kwa Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya haradali ambalo hakuna mkulima anayelitaka, ila watafiti wanalipenda kwa udogo wa jenomu yake na kwa kukua haraka. Kuanzia 1996 makundi ya Marekani, Ulaya na Japani yaligawana kromosomu zake 5, na Desemba 2000 yakatoa jenomu ya kwanza ya mmea, yenye jeni zipatazo 25,500. Kibaiolojia, kugawana kwa kromosomu hakuna lazima yoyote. Kisiasa kunafaa sana. Mkuu wa baraza la utafiti anaweza kusimama mbele ya wabunge wake na kusema kromosomu hii ni yetu, fedha zenu zimeishia hapa. Asilimia fulani ya kazi iliyofanywa na wote haionekani kwa macho. Kromosomu yenye namba inaonekana.

Faida ya pili ya mtindo huo ilijulikana pale makampuni yalipoingia. Mwaka 2000 Monsanto ilitangaza kuwa imekwisha kupata rasimu ya jenomu ya mpunga, ikaikabidhi kwa muungano wa kimataifa. Miaka miwili baadaye Syngenta ilichapisha rasimu yake katika jarida la Science, lakini data ikabaki kwenye hifadhi ya kampuni, na jarida likakubali utaratibu huo licha ya malalamiko makali ya wanasayansi. Kwa miaka michache ilionekana kana kwamba watafiti wa umma walikuwa wakitambaa huku wenye fedha wakikimbia. Hata hivyo ramani iliyodumu, ambayo hadi leo watafiti wa nafaka wanaitumia kama kipimo, ni ile ya 2005. Muungano wa umma ulichelewa, ila haukuweka mlango wala funguo.

Ngano ndiyo iliyoonyesha mahali mtindo huu unapopasuka. Jenomu ya ngano ya mkate ina herufi zipatazo bilioni 16, karibu mara 5 ya jenomu ya binadamu na mara 40 ya mpunga, na ni jenomu tatu za mababu tofauti zilizokaa ndani ya mmea mmoja, zikifanana kiasi cha kumchanganya yeyote anayejaribu kuziunganisha. Muungano wa kimataifa ulioundwa mwaka 2005, ambao miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo wakulima wa ngano wa Kansas, ulichagua njia ya subira. Maabara ya Jaroslav Doležel kule Olomouc, Jamhuri ya Czech, iliweza kuzitenga kromosomu moja moja, kisha kila nchi ikapewa ya kwake. Ufaransa ilimaliza kromosomu 3B mwaka 2014. Zote kwa jumla ni 21. Ukijua jinsi mabaraza ya utafiti yanavyotoa fedha, unajua kilichofuata: aliyepata ruzuku mapema alimaliza mapema, na ambaye serikali yake ilisitasita alibaki nyuma na kromosomu yake mkononi, wengine wote wakimsubiri.

Mwaka 2016 mambo yakageuka. Kampuni ya Israeli iitwayo NRGene ilikuwa na programu ya kompyuta iliyoweza kuunganisha jenomu nzima ya ngano kutoka vipande vifupi, kwa miezi badala ya miaka. Muungano ulikubali kuitumia, na Agosti 2018 ukachapisha jenomu yenye jeni 107,891, kazi ya zaidi ya watafiti 200 kutoka taasisi 73 za nchi 20. Wapo waliosema kwamba miaka yote ya kromosomu moja moja ilipotea bure. Siafiki. Data ile ya awali ndiyo iliyotumika kupanga na kuhakiki vipande, na kikubwa zaidi, kulikuwa na watu wa nchi 20 waliokwisha kuzoeana, waliojua nani ana mbegu gani na nani anaweza kuaminiwa na data ambayo haijachapishwa. Programu ilipofika ilikuta jamii imejengeka. Lakini somo la fedha ni zito: ukiugawa mradi ili kila hazina ipate cha kuonyesha, unaufungia mradi wote kwenye hazina iliyo nzito kuliko zote.

Wazungu wa Ulaya walilijua tatizo hilo mapema wakajaribu kulitibu kwa utaratibu. Mwaka 2004, chini ya Umoja wa Ulaya, mashirika ya utafiti ya nchi zaidi ya 10 yaliunda mtandao wa pamoja wa kugharimia jenomu za mimea, uliofuatwa miaka michache baadaye na mwingine wa sayansi ya mimea kwa jumla, ambao hata Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilishiriki. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya kila nchi kutoa tangazo lake la ruzuku, litolewe moja. Watafiti wa nchi tatu au nne waandike andiko moja. Wapitiaji walisome mara moja.

Ugumu ulikuwa kwenye mfuko, na hapa ndipo panapohitaji kutulia kidogo, maana mifuko ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo fedha za nchi zote zinamwagwa pamoja kwa kweli, na andiko bora linashinda hata kama fedha zote zitakwenda kwa nchi moja. Wanasayansi wanaupenda mfuko huu. Mawaziri wa fedha wanauogopa, kwa sababu mlipakodi wa Denmark anaweza kujikuta anamlipa mtafiti wa Hispania. Ya pili ni mfuko wa makaratasi tu: nchi zinaahidi kiasi fulani, maandiko yanashindanishwa kwa pamoja, lakini shilingi ya kila nchi inamlipa mtafiti wa nchi hiyo na hakuna mwingine. Mitandao mingi ya Ulaya imeishia kwenye mfuko huu wa pili. Kasoro yake hujitokeza siku ya kutoa matokeo. Andiko lililoshika nafasi ya tatu kwa ubora linaweza kukosa fedha kwa sababu mmoja wa washirika wake anatoka nchi ambayo ahadi yake imekwisha kuliwa na maandiko mawili ya kwanza, huku la nane likipita kwa kuwa nchi zake bado zina akiba. Watafiti hujifunza haraka. Wanachagua wenzao kwa kutazama ukubwa wa mfuko wa nchi kabla ya kutazama ubongo wa mtu.

Pamoja na kasoro hiyo, mfuko wa makaratasi una heshima moja ambayo mfuko wa msaada hauna: kila anayeingia, hata na kidogo, ameingia na chake. Marekani na Uingereza zimeongeza wepesi mwingine, utaratibu ambao shirika moja linapokea na kupitia andiko la watafiti wa nchi zote mbili, na la pili linaukubali uamuzi huo bila kuanza upya. Hilo linawezekana tu kati ya mashirika yanayoaminiana, na kila moja likiwa na kitabu chake cha hundi.

Sasa tuje kwenye muhogo, zao ambalo katika Afrika Mashariki lina hadithi ndefu kuliko wengi wanavyojua. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Chini ya Waingereza kilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa michango ya serikali za kikoloni, maana yake kodi za wenyeji ambao hawakuulizwa. Hapo ndipo mtafiti H. H. Storey alipoandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, juu ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaouacha mmea ukionekana mzima wakati mzizi umeoza ardhini. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walichukua muhogo wakauchanganya na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira uliotoka Brazil na kupandwa kwa wingi zama za Mjerumani. Lengo lilikuwa kupata ukinzani dhidi ya michirizi na dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Kutoka hapo ikatoka aina inayoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso katika pwani ya Kenya, ambayo mpaka leo ni mojawapo ya aina chache zinazoustahimili ugonjwa wa michirizi.

Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Taasisi ya IITA ilipoanza kazi Ibadan, watafiti wake walizitumia kuzalisha aina nyingi, mojawapo ikiwa TMS 30572. Katika miaka ya 1990 batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda na kuwaacha watu na njaa, aina hiyo ilirudi Afrika Mashariki kwa jina la NASE 3 ikawa miongoni mwa zilizowaokoa. Kisha, mwaka 2016, watafiti waliokuwa wakisoma jenomu za mihogo mingi kwa pamoja walikuta katika aina za Afrika vipande virefu vya vinasaba visivyo vya muhogo, kwenye kromosomu ya 1 na ya 4. Vilikuwa vya ule mti wa mpira. Msalaba uliofanywa kwa brashi na mifuko ya karatasi kwenye mlima wa Tanga ulionekana tena, miaka 80 baadaye, kwenye kompyuta ya California.

Kazi iliyofanya hayo yawezekane ililipiwa na nani? Rasimu ya kwanza ya jenomu ya muhogo ilitolewa mwaka 2009 na taasisi ya Wizara ya Nishati ya Marekani pamoja na kampuni ya mashine za usomaji. Mwaka 2012 ulianza mradi wa NextGen Cassava, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell, kwa dola milioni 25.2 za Taasisi ya Gates na serikali ya Uingereza. Mwaka 2018 ukaongezewa awamu ya pili yenye dola milioni 35. Washirika walikuwa IITA, taasisi za taifa za Nigeria na Uganda, na baadaye TARI Ukiriguru, Mwanza. Shabaha yake ilikuwa kufupisha safari ya kupata aina mpya, ambayo kwa njia ya zamani huchukua miaka minane hadi kumi. Badala ya kusubiri mche ukomae ndipo ujue kama unafaa, mtafiti anasoma vinasaba vya mche ungali mdogo, anakadiria utakavyokuwa, na kuuchagua au kuutupa.

Sina nia ya kuubeza mradi huu. Ni miongoni mwa bora. Data yake yote imewekwa wazi katika hifadhidata ya Cassavabase, watafiti vijana wa Namulonge, Uganda, na Umudike, Nigeria, wamesomeshwa hadi shahada za uzamivu, na aina mpya zimetoka. Lakini tazama umbo la fedha. Seva za Cassavabase zilijengwa Ithaca, New York. Uamuzi wa kuendelea au kutoendelea baada ya kila awamu ulifanyika Seattle na London, waliko wafadhili. Tanzania, yenye Amani na Namikonga, iliingia rasmi katika awamu ya pili. Hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyoweka fedha kwenye meza ile kwa kiasi ambacho Thailand iliweka kwenye mpunga, kwa hiyo hakuna iliyoweza kusema kipande hiki ni changu na mimi ndiye nitakayekipangia ratiba. Serikali zetu zilichangia, bila shaka: mishahara, mashamba, majengo, magari yasiyo na matairi. Michango ya namna hiyo huandikwa kwenye andiko kwa lugha ya adabu na kusahauliwa siku ya kugawa madaraka.

Njoro, nchini Kenya, ni mfano wa kupindukia wa michango hiyo. Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu ya shina ya ngano ya aina mpya, iliyopewa jina la Ug99, ikavunja ukinzani ambao dunia ilikuwa ikiutegemea kwa miongo mingi. Kwa miaka mingi sasa mashamba ya utafiti ya Njoro, katika Bonde la Ufa, yamekuwa yakipokea mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za dunia, msimu baada ya msimu, zipandwe mahali ambapo kutu ni kali ili ijulikane zipi zitasimama. Jenomu ya ngano ya 2018 ingekuwa kamusi isiyo na msomaji bila mashamba ya aina hii, kwa kuwa mfuatano wa herufi hausemi ni jeni ipi inayozuia kutu mpaka mmea uonjeshwe kutu. Katika hesabu za ubia, hata hivyo, mashine ya kusoma vinasaba inaitwa uwekezaji, na ekari za Njoro zinaitwa huduma.

Kuna waliojaribu kuuhamisha mzani. Muungano wa Mazao Yatima ya Afrika, uliotangazwa mwaka 2011 na kuweka makao yake Nairobi katika taasisi ya kilimo misitu, uliahidi kusoma jenomu za mazao 101 ambayo makampuni ya mbegu hayayajali. Ubia wake ulikuwa wa ajabu kidogo: kampuni ya chokoleti ya Mars, taasisi ya BGI ya China, Chuo Kikuu cha California kule Davis, NEPAD, na makampuni ya vifaa vya maabara. Jenomu tano za kwanza zilichapishwa pamoja, zikiwamo za njugu mawe, fiwi, mng'ongo na mlonge, na mchango wa BGI katika kuzisoma ulikuwa mkubwa. Chuo cha wazalishaji wa mbegu kilichokwenda sambamba na muungano huo kimefundisha Waafrika zaidi ya 100, na nadhani hilo litadumu kuliko jenomu zenyewe. Idadi ya mazao 101 ilikuwa ya tangazo zaidi kuliko ya mpango. Ubia unaotegemea ukarimu wa makampuni huenda kwa mwendo wa ukarimu huo.

Fiwi, ambayo Kenya wengi wanaijua kama njahi, ilisomwa tena. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na watafiti wa Kiafrika kutoka kituo cha ILRI cha Nairobi lilichapisha jenomu bora zaidi ya zao hilo, kwa kutumia mashine ndogo ya kusomea vinasaba inayoshikika mkononi. Mashine za aina hiyo zimebadilisha hesabu. Kundi la akina Joseph Ndunguru na Laura Boykin liliwahi kuzipeleka mpaka shambani kwa wakulima wa muhogo wa Tanzania, Uganda na Kenya, wakatambua virusi siku hiyohiyo, chini ya mti, kwa umeme wa betri. Mwaka 2021 tathmini moja ya miaka 20 ya usomaji wa jenomu za mimea ilihesabu karibu spishi 800, ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa China, Marekani na Ulaya, na kwamba mimea ya asili ya Afrika kwa kawaida ilisomewa nje ya Afrika. Zamani sababu ilikuwa bei ya mashine. Sababu hiyo inazidi kupungua. Zinazobaki ni vitendanishi vinavyokwama forodhani hadi vinaharibika, umeme, na mshahara wa mtu wa kompyuta ambaye akishajua kazi anachukuliwa na benki.

Upande wa sheria una matatizo yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inasema anayechukua mmea wa nchi nyingine apate idhini na agawane faida. Lakini siku hizi huhitaji mmea. Unahitaji mfuatano wake, nao upo kwenye intaneti bila viza. Utaratibu ule wa mradi wa mpunga, wa kuweka kila kitu hadharani, ulichangia kufungua mwanya huu, na hapa watu wa nia njema wanagongana. Mtafiti wa Makerere anafaidika na data huria pengine kuliko mtafiti wa Cambridge, kwa kuwa hana njia nyingine. Wakati huohuo mkulima aliyeitunza mbegu kwa vizazi haoni chochote kampuni inapoitumia data hiyohiyo. Waethiopia wanayo sababu ya kuwa na hofu: mwaka 2005 nchi yao iliingia mkataba na kampuni ya Kiholanzi juu ya nafaka yao ya teff, kampuni ikachukua hataza, ikafilisika mwaka 2009, na hataza yenyewe ikaja kufutwa na mahakama ya The Hague mwaka 2018. Faida iliyoahidiwa haikuonekana.

Jibu la dunia mpaka sasa ni Mfuko wa Cali, uliokubaliwa Colombia mwaka 2024 na kuzinduliwa Roma Februari 2025. Makampuni makubwa yanayotumia mfuatano wa vinasaba yanatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa jamii za asili na za wenyeji. Neno la kuangalia ni hilo la kutarajiwa, maana hakuna anayelazimishwa. Mfuko wa hiari unaotegemea wenye hesabu kali kuliko wote duniani sioni kama utakuwa msingi wa bajeti ya utafiti ya nchi yoyote.

Na msaada nao umeonyesha mwisho wake. Uingereza ilipunguza kiwango chake cha misaada kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa mwaka 2021, na imetangaza kushuka hadi 0.3. Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, katikati ya 2025, na maabara za ubunifu wa kilimo zilizokuwa zikiunganisha vyuo vyake na vituo vya Afrika zikakatiwa fedha mara moja. Mradi wa kuzalisha mbegu hauvumilii kukatwa namna hiyo. Miche iliyoko shambani ikikosa kupaliliwa na kupimwa msimu mmoja, data ya misimu iliyotangulia inapoteza maana, kwa kuwa thamani yake yote ilikuwa katika mfululizo.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mfuko wa pamoja. Kazi za Amani zilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1940, zikawa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la nchi zote, na baadaye likaendeshwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shirika lilikufa nayo, na kila nchi ikaanza upya na kituo chake, maktaba yake iliyogawanywa na mikusanyo yake ya mbegu. Jumuiya ya sasa ina Tume ya Sayansi na Teknolojia yenye makao Kigali, lakini haina mfuko wa ruzuku unaofanana na wa Ulaya. Kenya ina sheria ya 2013 inayotaka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kiwango ambacho hazina haijawahi kukikaribia. Tanzania ina mfuko wa MTUSATE chini ya tume yake ya sayansi, COSTECH. Tangu 2015 kuna mpango unaoyaunganisha mabaraza ya utafiti ya nchi kadhaa za Afrika, ukigharimiwa kwa sehemu kubwa na Kanada, Uingereza na Afrika Kusini, na umewezesha mabaraza hayo kutoa matangazo ya pamoja ya ruzuku. Mfumo wa makaratasi basi upo. Kinachokosekana ni shilingi za kuutia damu.

Kama ningepewa kupanga, nisingeanza na jenomu mpya hata moja. Ningeanza na mfuko wa makaratasi wa nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, kila moja ikilipa watu wake, kwa ugonjwa mmoja: michirizi ya kahawia. Jenomu imekwisha kusomwa na ipo wazi kwa bei ya intaneti. Namikonga ipo. Wataalamu wa Kibaha, Namulonge na pwani ya Kenya wanafahamiana kwa majina. Ugonjwa wenyewe haujasubiri mtu: zamani ulikaa pwani na kando ya Ziwa Nyasa, na tangu takribani 2004 umepanda hadi nyanda za Uganda. Kiasi kinachohitajika kuwaweka pamoja watafiti 10 na wasaidizi wao kwa miaka mitano si kikubwa kwa bajeti za nchi hizo. Kingekuwa kidogo mbele ya dola milioni 35, lakini kingetosha kwa nchi hizi kufika kwenye awamu yoyote ijayo, iwe na Cornell, na Beijing au na Brazil, zikiwa na kipande ambacho ratiba yake zimeipanga zenyewe.

Ulaya wangeuliza hapo swali lao la kawaida: itakuwaje ahadi ya nchi moja ikiisha kabla ya andiko la tatu? Kwao dawa imekuwa kutenga kiasi kidogo cha fedha za pamoja za Umoja ili kuziba pengo la aliyepungukiwa. Kwetu pengo hilo linaweza kuzibwa na wafadhili haohao, kwa sharti moja jipya: fedha zao ziingie mwishoni, baada ya hazina tatu kufunguliwa, na ziende kwenye andiko ambalo wapitiaji wa hapa wamekwisha kulipanga nafasi yake.